Hajalia Kwangu

Feri ya Mbita ilikuwa haijafika mbali, na mzee aliyekaa kando yangu alikuwa ameshaisifu serikali kwa sauti ya baraza la chifu. "Wakati wa korona walifanya vizuri kukataza watu matangani," alimwambia mama asiyemjua, aliyepakata kikapu cha dagaa wa omena. "La sivyo tungeisha, yawa!"

"Mume wangu alizikwa hivyo," mama akasema. "Watu wachache, haraka haraka. Nami nilikuwa nimepika sufuria kubwa, kwa mazoea tu. Chakula kikalala."

"Pole, mama. Lakini sheria iliondolewa. Si watu walikuja baadaye?"

"Waje aje? Kwetu, mtu hajalia msiba kwangu, ataingiaje kunywa chai? Wanaona aibu. Shemeji yangu tukikutana sokoni ananibebea mzigo mpaka langoni. Hapo anauweka chini, anarudi kwake. Hiyo nayo ni sheria, itaondolewa na nani?"

 Mzee akatazama maji, kisha akasema polepole, "Mimi pia sijaenda kwa mke wa marehemu ndugu yangu, huko tulikotoka. Sasa mtu kama mimi akija, anaanza na kulia ama na salamu?"

"Sijui, mzee wangu. Mimi huwa naacha tu lango wazi."

Feri ikagonga gati. Mama akajitwika kikapu chake, akashuka na abiria wengine. Mzee alibaki ameketi, akaniuliza bila kunitazama, feri inarudi ng'ambo tulikotoka saa ngapi.