Mashine Zinazotoa Shikamoo

Baada ya miaka ishirini na sita katika kiwanda chetu cha barafu hapa Bagamoyo, Bi Nadhira Sadallah, fundi mkuu wa kompyuta, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu.

Alipoajiriwa, alikuta mitambo ya kugandisha ikiongozwa na kompyuta zenye mfumo endeshi ambao watengenezaji wake walikuwa wameshafunga kampuni. Kubadili hata nyuzijoto moja kulihitaji mtaalamu kutoka nje. Bi Nadhira alichukua mkalimani mdogo, yaani programu inayosoma maagizo ya mtu mstari kwa mstari na kuifanya mashine iyatekeleze, akamhamishia kwenye mfumo ule. Tangu hapo sisi wa zamu tunaandika maagizo yetu wenyewe.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa finyu. Ili mkalimani aenee, ilibidi ampunguze, na alichokiondoa kwanza ni kugawanya. Alidhani kwenye barafu hakuna anayegawanya. Wiki hiyohiyo Mzee Mrisho, msimamizi wa mitambo, akataka wastani wa joto la matangi. Ikabidi Bi Nadhira aifundishe mashine kutoa, na kutoa tena, mpaka jibu lipatikane. Mashine zetu zinagawanya hivyo hadi leo. Mzee Mrisho akamtangaza kwa kiwanda kizima kuwa ni mwanamke asiyegawa. Kesho yake Bi Nadhira alikuja na sinia la vitumbua, akawagawia wote, akamruka yeye.

Kila mkalimani anapoamka kwenye mashine mpya, neno la kwanza kwenye kioo ni “Shikamoo”. Bi Nadhira husema mashine itakayofanya kazi na watu wazima ifunzwe adabu kwanza. Bwanausi, mlinzi wetu, huitikia.

Mwaka jana kompyuta ya tangi kubwa ilianza kuzimika. Iliyopatikana badala yake ilikuja na mfumo endeshi mwingine mgeni. Bila mkalimani tungerudi kufungua valvu kwa mkono, na samaki sokoni wangeoza kwa kukosa barafu. Bi Nadhira alimkabidhi kazi hiyo Tatu, fundi mwenzake, akaketi pembeni na kahawa yake. Alituambia kustaafu hakumtishi. Kinachomtisha ni kuondoka na ujuzi wote kichwani mwake.

Kwenye jaribio la kwanza mkalimani alisoma joto la tanuri ndani ya barafu. Kumbe mashine ile hupanga namba zake kinyumenyume, na mkalimani alizisoma kwa mpangilio wa zamani. Tatu alimwomba Bi Nadhira ashike yeye kibodi.

“Mwanangu, nikishika mimi leo, kesho utamwita nani?”

Tatu akarudi kwenye namba zake, siku baada ya siku. Mwezi uliopita kioo kikaandika: “Shikamoo, Bi Nadhira.” Jina aliliongeza Tatu.

Bi Nadhira akaweka kikombe chini. “Marahaba,” akasema, akatoka nje kidogo. Hatukumfuata.

Bi Nadhira, ahsante. Tangi kubwa linagandisha. Kapumzike nyumbani kwako Kerege. Tukikupigia simu, itakuwa ya kukujulia hali tu. Mola akujaalie afya, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema.