Turubai Juu ya Ufa

MPIMAJI: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, niko garini—
DADA: Dada yako. Umeondoka hata chai ya mama hujaionja.
MPIMAJI: Shikamoo, dada. Kazi. Kidege cha kamera kimepiga picha, kompyuta imeuinua mlima wote kwenye skrini, mabonde na miteremko, unauzungusha kwa kidole.
DADA: Kidole umekitoa. Mguu je, ulishuka garini?
MPIMAJI: Dada, picha inaona hadi kokoto!
DADA: Ehee. Na mlimani, juu ya nyumba ya mama, imeona nini?
MPIMAJI: Pametulia. Ripoti nimeshaituma kwa mwenyekiti wa kijiji: hakuna ufa, mama abaki.
DADA: Hakuna ufa.
MPIMAJI: Kuna kitu bapa tu, pembe nne, buluu. Nikajua ni paa.
DADA: Paa la nani? Huko juu wanaishi nyani.

[Mtandao unakwaruza.]

MPIMAJI: Dada... turubai?
DADA: Lile ulilomletea mama. Kasikia mwanawe anakuja na wakubwa, akapanda asubuhi kulitandaza, akaligandamiza kwa mawe. Eti usiaibike, kwenu pamepasuka.
MPIMAJI: Mbona hukuniambia?
DADA: Nilipiga mara nne. Ukasema usisumbuliwe, kidege kiko hewani.
MPIMAJI: Huo ufa... mkubwa?
DADA: Juzi tumemtoa mbuzi humo kwa kamba.
MPIMAJI: Mama yuko wapi?
DADA: Chumba cha nyuma, kajilaza. Mvua hiyo imeanza. Nimemwambia tuhame, kanicheka. Si ulipaza sauti dirishani mwa gari, “Mama, pako salama”?
MPIMAJI: Mbebe! Mwambie nimekosea—
DADA: Mwambie mwenyewe. Mimi sina kidege, hanisikii. Shika, mama, mtaalamu wako.
MPIMAJI: Dereva, geuza! Geuza gari! Mama? Toka nje, mama! Mimi mwanao, nili—

[Imekatika.]

[Siku ya pili.]

MPIMAJI: Haloo! Dada! Barabara imefukiwa, tumekwama huku tangu jana. Mama—
DADA: Salio linaisha, sikiliza tu. Mama alikusikia, akatoka; yuko kwangu, analalamikia godoro. Chumba cha nyuma kimejaa tope hadi dirishani. Mbuzi mzima. Turubai hatujaliona.
MPIMAJI: Na... ripoti?
DADA: Mwenyekiti kaichapisha, kaileta. Mama kaibandika ukutani kwangu. Kila anayekuja kutoa pole anaonyeshwa: kazi ya mwana—

[Imekatika.]