Ardis Haugen na Kipimo cha Dirishani

"Verlyn, kifaa hiki hakitoki hapa!"

"Ardis, dada yangu, usinitie wazimu. Kimefanya kazi miaka yote!"

"Kilichofanya kazi ni kile cha zamani. Hiki kina chipu nyingine."

"Programu ni ileile! Hata herufi moja hatujaigusa."

"Ndiyo maana naogopa!"

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo Ardis Haugen wa Duluth, mji wa baridi kali, alivyovaana na bosi wake, Verlyn Koski, asubuhi moja ya Januari. Ardis, aliyeaga dunia wiki hii, aliandika programu kwa lugha ya C. Alikulia shambani, akamlea binti peke yake, akachapa kazi. Maneno matamu hakuwa nayo. "Mama alikugombeza huku anakupakulia chakula," anasema binti yake, Solveig.

Kifaa kile kiliongoza boila, mtambo wa kupasha joto nyumba ya wazee. Kingepelekwa kufungwa huko mchana uleule. Baba yake Verlyn aliishi humo. Nacho kilijaribiwa lini? Julai, wakati wa joto! Kikapita bila doa.

Ardis alifungua dirisha, akaning'iniza nje kipimo cha joto cha kifaa kile. Baridi ilikuwa ishirini chini ya sifuri. Kioo cha kifaa kikaonyesha 236.

"Haya, mpigie mzee wako. Mwambie avue sweta."

Verlyn akakiinamia kifaa, akaisoma namba tena.

Sikilizeni, utamu uko hapa! Katika C, char ni kisanduku kidogo cha namba. Je, kinapokea namba zilizo chini ya sifuri? Lugha yenyewe haikuamua. Chipu ya zamani ilizipokea. Chipu mpya haikuzipokea; iliihesabu ishirini chini ya sifuri kuwa 256 kutoa 20, yaani 236. Programu ileile, chipu mpya, na baridi kali ikasomeka kuwa joto la kuchoma. Boila ingejizima, wazee wangeganda.

Ardis aliongeza neno moja tu mbele ya char: signed. Yaani, kisanduku hiki kizipokee, popote kiendapo. Kipimo kikarudi dirishani. Ishirini chini ya sifuri! Verlyn aliruka hadi kahawa ikamwagika.

Solveig, pole sana. Verlyn, pole. Nasi tujiulize: ni mangapi tunayaacha bila kuyasema, tukidhani kila mtu atayaelewa kama sisi?

Jana, baada ya mazishi, Verlyn aliweka chini sahani yake ya viazi.

"Kuna kifaa kinaondoka kesho. Tumekijaribu ndani tu. Solveig, ufunguo wa ofisi wa mama yako unao?"

"Ninao."

Wakatoka na nguo zao za msiba, wakafungua dirisha lilelile, wakaning'iniza kipimo.