Bi Ramkali na Kompyuta Zisizo na Haya

Tarehe 31 Machi Bi Ramkali Kushwaha anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane ya kuwafundisha watu wazima wa kijiji chetu cha Barkheda kusoma na kuandika. Alianza na ubao na taa ya mafuta. Anatuachia kompyuta nne, mbili zikiwa nzima. Siku kompyuta zilipowasili alizivisha mashada ya maua na kuzipaka rangi nyekundu usoni, kama maharusi.

Mtakumbuka kwamba kompyuta hizo husoma kwa sauti chochote anachoandika mwanafunzi. Tena kwetu mke hatamki jina la mumewe. Bi Ramkali aliyakutanisha mambo haya mawili kwa makusudi, ingawa anakana hadi leo. Akina mama waliokuwa wakisinzia mbele ya neno "maji" wakaamka ghafla. Kila mmoja aliandika jina la mumewe, kompyuta ikalipaza, kicheko kikafika kisimani.

Kikamfikia pia Mzee Dhaniram, mkuu wa kijiji, ambaye mkewe alikuwa ameandika: "Dhaniram, njoo ule." Alikuja na fimbo.

"Inaniita kama mbuzi! Darasa hili nalifunga leo hii!"

"Kaka, mkeo hajafungua mdomo," alijibu Bi Ramkali. "Ametumia vidole. Mila haijaguswa."

Mke wa mzee, ushungi umemfunika hadi kidevuni, akaongeza "ji", ile heshima yetu. Kompyuta ikasema: "Dhaniram-ji, njoo ule."

"Hebu irudie," akasema mzee, akijivutia mkeka.

Darasa halikufungwa. Wiki iliyofuata alijiandikisha mwenyewe, na neno la kwanza aliloomba kufundishwa ni jina la mkewe, ambalo halikusikika kijijini tangu awe "mama Mohan". Kompyuta ikaita: "Bhagwati!" Mama wa watu akaitika "Abee!" kabla ya kukumbuka kuwa ni mashine. Leo Bhagwati ndiye anayerithi darasa hilo.

Ramkali-didi, dada yetu mkubwa, tunakushukuru kwa subira yako na kwa ujanja wako. Tunakutakia afya, chai ya moto isiyokatizwa na wajukuu watiifu. Ila miaka yote hii mumeo umetutajia kwa jina la "yule wa nyumbani" tu. Kwenye sherehe ya kukuaga itakubidi umtambulishe. Kompyuta tutaiwasha mapema, na sauti tumeshaipandisha hadi mwisho.