Dakika Tisa za Stesheni ya Mpakani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliofika, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Dakika, jina alilopewa kazini na akalipokea bila kinyongo, na tarehe zote mtakazozisikia zimehakikiwa kwenye vyeti na kwenye madaftari yake mwenyewe, kwa sababu yeye asingekubali zisomwe kwa kukisia.

Mama Dakika alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya tatu ya mtaa wa nyumba za reli, ukuta mmoja na karakana ya mabehewa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa karani wa tiketi na fundi cherehani. Mama yake, yule fundi cherehani, ndiye aliyemfundisha kusoma saa, kwa kumtuma dukani na kumwambia awe amerudi kabla mshale mrefu haujagusa namba aliyomwonyesha kwa kidole, na inasemekana hakuwahi kuchelewa isipokuwa siku moja tu, alipolikuta duka limefungwa akakaa mlangoni hadi likafunguliwa, maana hakuwa ameambiwa afanye nini duka likiwa limefungwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza mwaka 1971, akasoma sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, ambako mwalimu wa hesabu aliwahi kulalamika kwa wazazi kwamba binti yao humsahihisha mbele ya darasa kwa heshima kubwa mno, kiasi kwamba hapati sababu ya kumwadhibu, kisha akaingia chuo cha reli, kozi ya ratiba na uendeshaji wa stesheni, na kutunukiwa cheti tarehe 24 Novemba 1978.

Aliajiriwa tarehe 2 Januari 1979 kuwa karani wa ratiba, mwaka 1991 akapandishwa kuwa mpangaji wa stesheni, na mwaka 2008 akakabidhiwa kazi iliyomjengea jina, ya kupanga stesheni na maunganisho ya reli mpya ya mwendokasi inayopita nchi tatu. Kwa wasioifahamu kazi hiyo, abiria hushuka kwenye treni kubwa ya kimataifa, hupita ukaguzi wa pasi, huvuka hadi jukwaa la treni ya ndani, na lazima awepo mtu wa kuamua treni hiyo ya pili imsubiri dakika ngapi. Mtu huyo alikuwa yeye, naye hakuamini karatasi, alitembea kila njia kwa miguu yake, saa ya kupimia shingoni, mkononi begi la kilo ishirini lililojaa matofali yaliyofungwa kwa taulo, halafu akajaza fomu yenye jina la aliyetembea, umri wake, dakika alizotumia na sahihi, na bila fomu hiyo hakuna dakika iliyoweza kuingia kwenye ratiba.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1983, na fundi wa ishara za reli, ambaye yupo nasi hapa mbele, na ambaye hupenda kusimulia kwamba siku ya kwanza waliyopanga kukutana alichelewa dakika nne, akakuta kikaratasi kimebanwa chini ya kikombe mezani, kimeandikwa neno moja, "Nilikuwepo." Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni nesi na kijana ambaye ni mwalimu, na baadaye wajukuu watatu.

Sehemu inayofuata familia imekubaliana isomwe kama ilivyo, kwa kuwa marehemu aliagiza hivyo kwa maandishi. Reli ya mwendokasi ilifunguliwa tarehe 1 Juni 2014, na miezi miwili kabla ya hapo, katika stesheni ya mpakani, watu wa uhamiaji waliomba nafasi zaidi, hivyo njia ya abiria ikahamishwa, badala ya kwenda moja kwa moja ikawa inapanda ngazi thelathini na mbili, inazunguka kwenye ukumbi mrefu wa vioo, kisha inashuka upande wa pili. Muda ulikuwa umebana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mama Dakika alipima njia kwa rula juu ya mchoro, akapata dakika tisa, na kwenye safu ya aliyetembea akaandika jina lake.

Siku ya Jumatano, tarehe 17 Septemba 2014, mama yake mzazi, akiwa na miaka sabini na tisa, alisafiri peke yake kwenda kumwona kitukuu aliyezaliwa wiki hiyo, na kabla ya kupanda treni alipiga simu kuuliza, "Hizo dakika tisa zinanitosha kweli, mwanangu?" naye akajibiwa, "Zinatosha, mama, nimezipima mwenyewe." Treni kubwa ilifika saa tatu na dakika hamsini na mbili asubuhi, treni ya ndani ikaondoka kwa wakati wake, na bibi akakutwa ameketi kwenye benchi la ukumbi wa vioo, begi katikati ya miguu, tiketi mkononi, moyo umeshasimama.

Kuanzia Oktoba ya mwaka huo abiria wa treni ileile walianza kumweleza mlinzi wa jukwaa kwamba kuna bibi pale kwenye vioo anauliza kwa adabu zimebaki dakika ngapi, kwamba ukimjibu zipo, bibi, usiwe na wasiwasi, anashukuru, na ukigeuka humwoni tena, ila magurudumu ya begi lake unaendelea kuyasikia nyuma yako mpaka ngazi ya mwisho. Mlinzi, mtu asiye na porojo, aliandika kila taarifa kwenye kitabu cha matukio, na hadi mwisho wa mwaka 2015 zilikuwa zimefika arobaini na moja, zote za asubuhi kweupe, zote za siku ya Jumatano.

Mama Dakika alikisoma kitabu hicho tarehe 12 Januari 2016, akiwa amesimama, na kesho yake, Jumatano, akashuka kwenye treni hiyo na saa yake shingoni. Daftari lake la siku hiyo linasema, "Alikuwa upande wangu wa kushoto. Aliuliza. Nikamwambia kweli, kwamba sijui, ndiyo kwanza napima. Ngazi ya kumi na moja tulipumzika. Dakika kumi na nne na sekunde ishirini. Treni ilikuwa imeondoka."

Alijaza fomu ya kuomba dakika kumi na tano, na kwenye safu ya aliyetembea akaandika jina la mama yake, umri sabini na tisa. Mkuu wa ratiba alimwita ofisini, akafunga mlango, akamweleza kwamba hata yeye anaona dakika tisa hazitoshi, ila fomu yenye jina la marehemu haiwezi kupanda kwa wakubwa, kisha akamsihi, "Dada, andika mtu yeyote aliye hai, hata mfagiaji, nitasaini sasa hivi." Naye akamjibu, "Mara ya kwanza niliandika mtu ambaye hakutembea, bosi, na ulisaini. Huyu ametembea."

Fomu ilirudishwa. Aliiwasilisha tena kila Januari, hata baada ya kustaafu tarehe 14 Machi 2018 aliendelea kuituma kwa posta, jumla mara nane, bila kubadilisha herufi, na kila Jumatano alikwenda mpakani kumsindikiza mama yake, hata mume wake akawa anawatania wageni kwamba yeye ameoa mke wa siku sita. Madaftari yanaonyesha kwamba katika miaka yote hiyo hawakuwahi kuikuta treni.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na figo, na tarehe 3 Mei 2023 alilazwa hospitalini, wodi namba sita, ambako hakulalamikia maumivu, alichouliza kila wiki ni nani amekwenda mpakani. Tarehe 5 Julai alikwenda binti yake, yule nesi, akarudi wodini jioni, viatu mkononi, na mama yake alipotaka kujua wametumia muda gani aliviweka viatu chini ya kitanda, kisha akasema, "Safari hii hakuuliza dakika, mama. Aliuliza wewe uko wapi."

Mama Dakika alifariki dunia siku ya Jumatano iliyofuata, tarehe 12 Julai 2023, saa nne na dakika sita asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Juzi, Alhamisi, mkuu wa ratiba alikwenda mwenyewe stesheni ya mpakani na begi lile la matofali, na jana alituletea nyumbani nakala ya fomu, hakutaka kuketi. Ameisaini. Jina la bibi ameliacha kama lilivyo, na chini yake, kwa mkono wake, ameongeza jina la marehemu wetu, tarehe ya Alhamisi, dakika kumi na nne na sekunde ishirini. Dakika kumi na tano zitaanza kutumika Jumapili, tarehe 23 Julai, na hadi siku hiyo ratiba inabaki ya dakika tisa, hivyo mtakaorudi makwenu kwa kupitia mpakani tunawaomba msikimbie kwenye ngazi, na mkiulizwa muda uliobaki, mjibu kwa ukweli.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliotupokea tulipoishiwa nguvu, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya ratiba, na mlinzi wa jukwaa, ambaye hakuna tukio aliloacha kuliandika.

Pumzika kwa amani, Mama Dakika, na kama bado mko njiani, pumzikeni wote wawili, treni itawasubiri.