Gari Lisilofutwa Halishiki Stika

Zimeni feni hiyo kwanza, wanangu, inameza sauti yangu, na sauti yenyewe imebaki ya kuokoteza. Mama yenu akae hapa miguuni. Wewe Mkubwa ondoka mlangoni, na wewe Povu toka hapo dirishani, maana tangu mgombane mnakaa chumba kimoja kama abiria wasiojuana. Nimechoka, wanangu, nimechoka mpaka kuongea kumekuwa kazi ya kubeba mizigo, na ninayosema leo sitayarudia, kwa hiyo tegeni masikio.

Nyumba hii ni ya mama yenu. Akitaka kuipaka rangi ya zambarau, apake, na asiulizwe. Karakana ndiyo inayoninyima usingizi. Nasikia mnataka kupiga ukuta katikati, Povu aoshe magari upande wake, Mkubwa abandike stika upande wake, kila mtu na mlango wake. Haya. Nisikilizeni mimi niliyeishika kazi hiyo kabla hamjaota meno.

Gari halishiki stika eti kwa sababu tu linang'aa. Unaliosha kwa sabuni, unachokonoa mpaka kwenye mipira ya milango na nyuma ya vitasa, maana uchafu hujificha palepale stika itakapoanzia kubanduka. Kisha lami na nta, ambazo sabuni haiziwezi, unazitoa kwa dawa yake. Mwisho ni spiriti, na hapo ndipo penye kazi: mmoja anatangulia na kitambaa kilicholowa, mwingine anamfuata nyuma na kikavu, kabla spiriti haijakauka yenyewe, maana ikikauka yenyewe mafuta iliyoyayeyusha yanarudi kulala pale pale. Ubavu wa basi hauwezwi na mtu mmoja. Nimewaona waliojaribu, wakakimbia huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hilo si la kuimba shuleni tu.

Sasa lile basi la shule. Mvua ya kwanza tu, herufi mlizobandika zikaning'inia kama nguo kambani, mwenye basi akaja kututukana mbele ya majirani. Mkubwa ukamwambia dada yako hajui kuosha. Povu ukamwambia kaka yako hajui kubandika, ukaongeza na ya kuongeza. Tangu siku hiyo hata chumvi mnaombana kwa kupitia mama yenu. Mama watoto, nakuomba, kuanzia leo usibebe tena maneno yao, waache yawakwame wenyewe kooni.

Juzi dereva wa basi hilo alikuja kunitazama. Alikaa kwenye kiti hicho, akaniambia, tena kwa kujisifu, "Mzee, siku ile gari limeoshwa liko uani, nikalipitishia mafuta ya dashibodi bodi nzima, ili bosi alikute linameremeta!" Jamani! Nilitaka kucheka, kifua kikakataa. Msimfuate, analipenda basi lake yule, hakujua.

Lakini ninyi kazi mliijua. Povu, ulimaliza kuosha ukanawa mikono, ukaondoka, ukasema yangu yameisha. Mkubwa, ulilikuta linameremeta, na hukupitisha hata kidole. Rangi safi hulia chini ya kidole, yenye mafuta huteleza kimya, nilikufundisha mimi mwenyewe. Hakuna aliyeshika kitambaa cha spiriti siku hiyo, kwa sababu kila mmoja alilinda cha kwake. Ukuta mnaoutaka ulikuwa umeshasimama, mlikuwa hamjanunua matofali tu.

Mimi na baba yenu mdogo tulipiga ukuta wetu. Tulikuwa na karakana moja, tukagawana kwa haki kabisa, nusu kwa nusu, hata mabomba ya maji. Hakuna aliyedhulumiwa. Na tangu hapo tunasalimiana misibani. Namkumbuka, wanangu. Kila nikilowanisha kitambaa bado nasikiliza nyuma yangu kama anakuja na kikavu, na mimi ni mtu mzima mwenye mvi. Inauma, sitawaficha.

Kwa hiyo karakana ni yenu wawili, mlango mmoja, haigawanywi wala upande wake hauuzwi. Atakayelibandika gari alifute na mwenzake, hata kama limeoshwa na malaika. Basi la shule lirudishwe, mlitengeneze upya pamoja, mumwombe mwenyewe radhi. Na baba yenu mdogo akija kunizika atakaa nyuma kabisa, namjua. Mfuateni. Mketisheni mbele.

Ngojeni... maji kidogo. Basi, basi, yanatosha.

Mungu awape kazi, wanangu, na awape mtu wa kuifanya naye. Radhi yangu mnayo wote wawili, nimeitoa bila kinyongo. Awatunzie mama yenu. Awa... macho yananiwia mazito, lakini masikio bado.

Mkubwa, mwite dada yako. Usiniangalie mimi, mwite yeye.

Sijasikia. Tena.

Haya. Povu... ameita kaka yako. Mwitikie, mama. Mwitikie, bado nasikia.