Taa Ndogo Iliyofuata Pumzi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sina la kuwachangamsha. Tumempoteza fundi friji, yule mliyezoea kumwita Fundi Waya, kwa sababu mfuko wake wa shati haukukosa kipande cha waya. Fundi Waya hatunaye tena.

Wengi mlimjua kwa friji. Mimi namkumbuka kwa kihisi, kifaa cha kuonyesha pumzi, alichokiunda mwenyewe nyumbani, kwa ajili ya mkewe.

Mkewe aliugua mapafu. Pumzi yake ilikuwa nyepesi mno, na fundi alikosa raha kabisa. Akachomoa kidude kwenye friji bovu, kidogo kama punje ya mtama. Kidude hiki kikipata joto, kinapitisha umeme mwingi. Kikipoa, kinaubana. Akakiunga na betri na taa ndogo nyekundu, akakibandika chini ya pua ya mama. Mama akitoa pumzi ya vuguvugu, taa inang'aa. Akivuta hewa ya chumbani, taa inafifia. Binti yao, ambaye naye ni fundi, ananiambia: "Baba aliikodolea macho ile taa kuliko watu wanavyotazama mpira."

Ikaja siku moja ya joto la ajabu. Fundi yuko kazini. Taa ikaacha kufifia. Ikawaka tu, imetulia tuli. Mashemeji wakaangua kilio, majirani wakajaa, mtu akaanza kutoa viti nje. Hakuna aliyemgusa mgonjwa, wasikilizaji. Wote walitazama taa. Fundi akaja mbio, jasho linamtiririka. Akaloanisha taulo, akalitundika mbele ya feni, ubaridi ukaelekea kitandani. Taa ikafifia. Ikang'aa. Ikafifia tena. Mama akafumbua macho, akauliza, "Kwani nani amekufa?"

Siku hiyo fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwita binti yake. "Sikiliza, mwanangu. Hiki hakijui uhai. Kinajua tofauti ya joto tu. Chumba kikiwa na joto sawa na pumzi, hakioni kitu. Kabla hujalia, poza chumba."

Mama alipona. Narudia, mama alipona. Aliyeanguka baadaye ni fundi mwenyewe, kwa maradhi ya moyo. Akalala kitanda kile kile, akatania: "Haya, nifungieni hicho kidude. Tuone kama kazi yangu ilikuwa ya kubabaisha."

Juzi mchana jua lilikuwa kali, na taa ikatulia. Ndugu wakaanza kulia. Binti akawakemea. "Nyamazeni! Ni joto tu!" Akaloanisha taulo, akawasha feni. Taa ikafifia, kama baba alivyofundisha. Binti akasubiri ing'ae. Akaloanisha taulo tena. Akasubiri. Mama yake, aliyekuwa ameushika mkono wa mumewe muda wote huo, akasema kwa upole: "Zima feni, mwanangu. Baba yako hapendi baridi."

Jana nilikwenda kuwapa pole. Kitanda kimetandikwa, na kihisi bado kinaning'inia pale kwenye waya wake. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukichomoa. Mimi, kwa udadisi wangu, nikainama kukitazama. Nikapumua. Taa ikang'aa. Binti akaruka kutoka kwenye kiti, macho yamemtoka, kisha akaniona mimi. Akakaa tena. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Kwa mjane, kwa binti, kwa ndugu wote na mafundi wenzake, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama yuko mgonjwa hapo ulipo, punguza sauti ya redio hii, umsogelee. Mshike mkono. Mkono ule bado una joto, na wewe bado unaweza kulisikia.